Jina Lililoingia Kwenye Debe

Ashukuriwe Mungu wa rehema, aliyenipa miaka mingi na bado akaniachia masikio. Kwa masikio haya nimepata furaha tele, na jambo moja ambalo nimeliombea msamaha tangu ujana wangu.

Mwezi uliopita mjukuu wangu alinipeleka chuoni kwao Nchiru kutazama mashindano. Wanafunzi walikuwa wamejipaka rangi usoni, wengine wameinua simu juu, na vipaza sauti vilinguruma hadi kifua kikatetemeka. Nilikuwa nikifurahia tu. Kisha mkimbiaji mmoja akapita karibu, amejipaka dawa ya kuchua misuli, ile yenye harufu inayopanda puani na kuleta machozi.

"Shosho, ni jua?" mjukuu wangu akaniuliza.

Nikamwambia ni jua. Mungu anisamehe hilo pia. Harufu ile ilikuwa ya goti la dada yangu Kendi.

Nyumbani kwetu, karibu na Kanyakine, shamba letu lilipakana na uwanja wa chuo cha ualimu, katikati ua wa miiba ya kayaba tu. Kendi alisoma chuoni hapo na alikuwa mkimbiaji wao. Wanachuo walikuwa wachache na waliona haya kupiga kelele, kwa hiyo mwalimu wa michezo alituita sisi watoto wa shule ya msingi tushangilie. Nilikuwa na miaka tisa, na sauti kubwa kuliko mwili. Nikafanywa kiongozi. Tulipiga debe na kuimba:

Nani huyo? Kendi!
Wa nani? Wa kwetu!

Kendi ni jina fupi. Liliangukia mapigo mawili ya debe bila kubakiza kitu. Hata wapishi wa chuo walitoka jikoni na miko mikononi wakaitikia. Dada aliniambia kwamba kwenye kona ya mwisho pumzi humwishia, na ni sauti yangu inayomvuta. Yeye ndiye aliyenibeba mgongoni nilipokuwa mchanga. Nikajiona sasa mimi ndiye ninayembeba.

Majuma machache kabla ya mashindano makubwa, Kendi aliteleza mazoezini, goti likafura. Mwalimu wa michezo alikuja nyumbani na chupa ya dawa, akanywa chai yetu, akamwambia mbele ya mama, "Kendi, nafasi yako iko. Hakuna atakayeigusa." Tangu hapo nilimchua kila jioni. Goti likashuka, na dada akaanza kukimbia polepole kati ya migomba, akiihesabu siku ile kama mtoto anavyohesabu Krismasi.

Zilipobaki siku tatu, mwalimu aliita mtu kutoka nyumbani kwetu. Aliniita mimi. Atakayekimbia, alisema, ni Wawira, mwanachuo mwenzake Kendi kutoka Embu. Kendi ataambiwa baadaye. Shida yake ilikuwa wimbo: tulipojaribu jina la Wawira juu ya debe, lilichechemea kuliko dada yangu.

"Wewe una kichwa, mtoto wangu," akasema. "Tutafutie njia."

Sifa hiyo ilinilewesha. Nilitafuta njia nikichota maji, nikikata majani ya ng'ombe, hata kanisani wakati wa maombi. Mwishowe nikaipata: ukiifupisha "huyo" na kuliwahi jina, Wawira anaingia bila kugonga popote. Nyumbani sikusema kitu. Jioni niliendelea kumchua dada goti.

Asubuhi ya mashindano Kendi alivaa raba zake akaenda, na akarudi upesi. Akaketi upande wetu wa kayaba. Kutoka pale huoni uwanja, lakini unasikia kila kitu.

Wawira alishinda. Mwalimu alinipa mandazi mawili, nikamletea dada moja. Hakulipokea.

"Uliliingizaje?" akaniuliza.

"Nini?"

"Hilo jina. Ni refu."

Nikamwonyesha, nikipiga makofi, nikidhani anataka kujifunza. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo hukuitunga leo," akasema.

Jioni nilipoleta chupa ya dawa, aliichukua mkononi mwangu akajichua mwenyewe. Kwa miaka mingi niliamini kwamba alimkasirikia mwalimu, nikamkasirikia mwalimu pamoja naye. Nilikuwa na watoto wangu mwenyewe nilipoelewa. Mwalimu alikuwa mgeni aliyetaka kushinda. Wa kwetu nilikuwa mimi.

Kendi alifundisha shule hadi akastaafu, na sasa anaishi Embu. Baada ya siku ile ya Nchiru nilikwenda kwake, nikakiri yote, hadi siku tatu zile. Akanimiminia chai. Akasema alishasahau zamani, tena tulikuwa watoto. Lakini nilipokuwa nikinywa, vidole vyake viligonga meza, polepole, mapigo mawili tu, kisha vikatulia.

Wewe unayesoma, Bwana akujalie mtu mmoja wa kwenu ambaye, siku utakapokuwa nyuma ya ua, hatalibadilisha jina lako. Na akujalie kuwa mtu huyo kwa mwenzako. Amina.