Darubini ya Baba

Nimefungua mkoba wa darubini, na bado unanuka ngozi iliyolowa mvua ya msitu wa Isecheno, ambako baba aliongoza wageni. Nikiwa mtoto, siku wasipokuja wageni, alinivalisha darubini hiyo shingoni.

"Unaona duara ngapi?"

"Mbili, baba."

"Ikunje polepole hapa katikati. Mimi naiwekanga kwa kipimo ya macho yangu."

Niliikunja mpaka duara mbili zikawa moja, na ndani yake mbega akitafuna majani huku akinitazama. Nilipoirudisha, baba aliipanua tena, maana macho yangu yalikuwa yamekaribiana mno kuliko yake.

Leo nimeiweka machoni vile alivyoiacha, bila kuikunja. Nimeona duara moja. Nimengoja kidogo, lakini hakuna aliyeniuliza ni ngapi.