Dirisha la Jeneza

Mwaka 1983 maduka ya Musoma yalikuwa matupu. Seremala Apolinary alibakiwa na kipande kimoja tu cha plastiki ngumu, kinachoonyesha kama kioo. Alitaka kukiweka kwenye jeneza la mama wa Dorotea ili binti huyo auone uso wa marehemu, kwa kuwa bwana afya alikataza lisifunguliwe. Mama alikufa kwa kipindupindu.

Cha kukatia alikuwa na wembe mpya na kipande kinene cha msumeno. Akachagua wembe kwa ukali wake. Ukapinda, plastiki ikapasuka katikati.

Dorotea alikuwa amefika asubuhi ile kutoka Kibara. "Kwa hiyo simwoni?" aliuliza.

"Nimekosea, dada. Wembe ni mwembamba mno."

Akaziba kwa ubao tundu la dirisha alilokwisha kulitoboa kwenye kifuniko. Dorotea aliuwekea kiganja mpaka wanaume walipolibeba jeneza.