Mtu Mrefu Mwenye Pengo

Baba yangu alikuwa mtu mrefu, mwenye pengo kwenye meno ya juu, na alifia Burma akiwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza. Hayo niliyajua kabla sijajua kufunga vifungo vya shati. Bibi alinisimulia tukichambua pamba, nyumbani kwetu karibu na Nyamuswa, na hakuwahi kubadilisha kitu: urefu, pengo, na namna alivyoinama apite mlangoni siku ya kuondoka. Mlango wenyewe ulikuwepo. Nilipofikia kimo cha kuinama na mimi, nilitembea kwa maringo wiki nzima.

Tatizo lilikuwa hesabu. Mwaka wa Uhuru nilikuwa darasa la nne, na mwalimu alipotutajia vita ile ya Burma iliisha lini, nilihesabu kwa vidole chini ya dawati. Iliisha miaka mitano kabla sijazaliwa. Nilimuuliza mama. Alikuwa anasonga ugali na hakugeuka.

"Kamuulize bibi yako," alisema. "Yeye ndiye aliyenioa."

Nilicheka, nikidhani ananitania. Hakuwa anatania. Kwetu mwanamke aliyekosa mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa binti, na watoto watakaozaliwa wakawa wa nyumba yake, ili nyumba isifutike. Tunaiita nyumba ntobhu. Watu wote walijua kwamba ng'ombe wa mahari ya mama walitoka kwenye zizi la bibi, isipokuwa mimi mpumbavu. Nikajipoza: labda bibi alimwoa mama kwa niaba ya mwanawe aliyekufa vitani, maana hilo nalo hufanyika. Basi askari yule hakunizaa, sawa, lakini aliwahi kuwepo, na jina lake ni langu. Nilimng'ang'ania hivyo mpaka nikaota ndevu.

Kisha ikaja operesheni ya vijiji. Tuliamriwa kuhama, kila kaya ipewe kiwanja chake kando ya barabara. Babu mdogo, yaani mdogo wa marehemu mume wa bibi, akasimama mkutanoni.

"Ile siyo kaya," alisema. "Ni wanawake wawili na mtoto asiye na baba. Waandikwe chini yangu."

Kuandikwa chini yake maana yake bibi angemalizia uzee wake nyuma ya jiko la shemeji aliyemwita tasa hadharani kwa miaka yote, tusi nililolichukulia kuwa chuki tu, na nyumba aliyoihangaikia ingekufa kwa mstari mmoja wa kalamu. Mwenyekiti wa kijiji, mtu asiyependa makelele, alinigeukia mimi. Nilikuwa karani wake, kwa sababu ya mwandiko wangu.

"Tafuta ushahidi wa baba yako," alisema. "Kitabu chochote cha serikali. Nakupa wiki moja."

Nilidhani bibi ataogopa. Alifurahi. "Nenda Musoma, baba," aliniambia huku akinifungia viazi vya njiani. "Wazungu walikuwaga wanaandika kila kitu."

Nilipanda basi Bunda, nikalala kwa jamaa yetu Kigera, na asubuhi nikawa wa kwanza mlangoni kwa karani wa masjala. Alinitolea vitabu vya kodi vya enzi za Mwingereza, vinanuka popo. Mume wa bibi nilimkuta mwaka baada ya mwaka, kisha mstari wa wino mwekundu: amefariki. Baada yake hakuna mtu wa nyumba ile. Orodha ya waliokwenda Keya niliisoma mara tatu kwa kidole. Nilimkuta hata mzee mmoja wa jirani aliyerudi na mkono mmoja. Baba hakuwemo.

"Labda alijiandikisha kwa jina lingine," karani alisema. Nilijua ananihurumia, na hilo liliniudhi kuliko kama angenifukuza.

Wakati wa kurudi nilipitia misheni nilikobatizwa. Katekista mzee akafungua kitabu cha ubatizo. Kwenye nafasi ya baba yangu palikuwa na neno moja la Kilatini.

"Maana yake hajulikani," alisema, akaanza kucheka mwenyewe. "Siku ile naikumbuka. Padri aliuliza, baba wa mtoto ni nani? Bibi yako akasema, mimi. Padri akaniangalia kama nimelewa! Nikamweleza mila yetu, akakataa katakata. Akamuuliza, wewe mama, una mtoto wa kiume? Au alikuwepo akafa?"

"Akasemaje?"

Mzee aliacha kucheka. "Alisema hajawahi kuzaa."

Nilitembea kwenda nyumbani bila kuona njia. Nilimkasirikia bibi, nikamkasirikia padri aliyemuuliza, nikamkasirikia hata yule mrefu mwenyewe. Nilijisikia kama mtu aliyefiwa, ila sikuwa na marehemu. Nilipanga kusema ukweli. Kijana aliyesoma, wakati ule, alitakiwa kusema ukweli.

Mkutanoni niliwekewa meza na daftari la kijiji. Babu mdogo alikaa amekunja mikono. Bibi alikaa mbele kabisa, kitambaa chake cha kichwa kimefuliwa, ananitazama kama watu wanavyomtazama mganga anapotoka chumba cha mgonjwa.

"Umemkuta?" mwenyekiti aliuliza.

Sikupanga jibu lile. Lilitoka.

"Nimemkuta. Kwenye kitabu cha Keya."

Nikaandika: jina, askari, marehemu, na chini yake mimi, mwanawe, mkuu wa kaya. Mwenyekiti akagonga muhuri. Babu mdogo aliomba daftari, akalikodolea macho kwa muda, akanirudishia. Hakujua kusoma, na kitabu cha serikali hakuna aliyekibishia. Tulipewa kiwanja.

Nilidhani yameisha. Jioni bibi alinifuata nikifunga ndama, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Wameandikaje huko Musoma? Wameandika alikuwa mrefu?"

Nilimtazama nione kama ananicheza shere. Hakuwa ananicheza shere.

"Wameandika," nilisema.

"Na pengo?"

"Na pengo."

Akakaa chini pale pale kwenye samadi. "Miaka hii nilikuwaga nafikiri labda nilimuota tu," alisema, na akalia kilio cha mzazi, cha kuita jina. Mama alitoka mbio jikoni. Asubuhi tukamkuta amenyoa kichwa, kama wanavyonyoa wafiwa, na wanawake wa majirani wakaanza kuja mmoja mmoja kumpa pole. Mimi nilisimama nikiwapokea. Ningefanya nini? Kila neno la kumtoa bibi kwenye msiba ule lingemuua upya yule niliyemwandika, na kiwanja kingeenda. Bibi alifariki miaka miwili baadaye, bado anasimulia kwamba mjukuu wake alimkuta mwanawe kitabuni.

Binti yangu ni mwalimu, anaishi Manyamanyama. Siku hizi anakusanya habari za ukoo wetu, na mimi nimekuwa nikimwambia kwamba karatasi zilipotea. Mwaka jana alikuja Jumapili, mtoto wake mchanga mapajani, akanionyesha picha kwenye simu.

"Baba, nimempata babu! Daftari la kijiji, na muhuri wake. Na hadithi ya bibi yako ilikuwa kweli, neno kwa neno. Askari."

Nilizitambua herufi kabla sijavaa miwani.

"Huyu karani alikuwa na mwandiko mzuri," alisema. "Unamkumbuka?"

Nikasema simkumbuki. Alinieleza kwamba ndiyo sababu wiki iliyopita walimbatiza mtoto kwa jina la askari yule, walitaka liwe jambo la ghafla la kunifurahisha. Nikasema nimefurahi. Mtoto akapiga miayo. Binti yangu akamsogeza karibu na uso wangu, akamfungua mdomo kwa kidole, akaniomba nimwangalie vizuri kwenye fizi za juu, kama kuna dalili ya pengo.

Niliangalia. Nikamwambia ipo.