Pikapu ya Fundi Imeshuka

Fundi wa gereji jirani huiita kila nati iliyokwama shemeji. “Shemeji, usiniaibishe mbele za watu,” huibembeleza akiitia mafuta. Wateja wanaotaka magari yao yashushwe nyuma, yeye huwacheka: “Kwani linataka kutaga?” Leo nimemkuta chini ya pikapu yake mwenyewe, ile kuukuu asiyoruhusu mtu aiguse, akipunguza vyuma vya springi ili ishuke nyuma. “Na hiyo inataka kutaga?” nikamtania. Alitoka, akafungua kilango cha nyuma, akakisogezea kigoda cha mama yake, akalinganisha vimo, akarudi uvunguni. Baadaye mama yake akaja na ungo wake wa mchele, akajiegemeza kilangoni akisubiri mwanawe amnyanyue akae, kama siku zote, kumbe ameshakaa.

“Mwanangu, gari limefanya nini?”

“Uzee tu, mama. Limeshuka lenyewe.”