Ngazi za Mama Magoti

"Usinitajie mgongo, wifi. Mgongo unaokaa saluni kutwa nzima hauwezi kushindwa na ngazi."

Mama Magoti alikuwa kwenye kigoda mlangoni kwake, miguu ameinyoosha mbele kwa sababu kukunjika ilikwisha kataa. Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, alisimama kama mtu aliyeshikwa na mgambo.

Kwa miaka kumi na tisa kazi ya Mama Magoti ilikuwa kuwapandia watu kilima cha hija: ngazi mia tatu na kumi na mbili za mawe, kwa magoti, hadi kwenye sanamu ya Mama Maria. Mahujaji walishuka kwenye mabasi na viatu vyao vya visigino, wakazitazama zile ngazi, imani ikawaishia palepale. Wakamlipa yeye apande. Sharti lilikuwa moja: kwenye ngazi ya kwanza unataja jina la unayemwombea. Usipotaja, umejipandia mwenyewe.

Kisha wakubwa wa kituo cha hija wakachonga barabara, mabasi yakapanda hadi juu, na wapandaji wenzake wa kulipwa wakatawanyika. Mwaka huohuo mwanawe, fundi rangi, akaanguka kutoka ghorofa ya tatu. Tangu hapo amelala chali chumba cha nyuma, anahesabu misumari ya bati. Mama akaenda kumpandia. Ngazi ya tisa, magoti yakagoma. Yalikwisha kutumika kwa watoto wa wenzake.

Akabaki wifi. Huyu alipandiwa bure zamani alipokuwa hapati mtoto, kwa ahadi kwamba siku moja naye atapanda. Mtoto sasa yuko darasa la nne.

"Nakwenda," wifi alisema. "Angalau masikio yangu yapumzike."

"Uende kwa magoti. Siyo kwa basi."

Alirudi jioni, sketi imechanika, maringo yamemtoka pamoja na ngozi. Akaketi sakafuni bila kukaribishwa.

"Umefika?"

"Nimefika."

"Jina umetaja?"

Wifi akaanza kujichomoa changarawe gotini, mojamoja.

"Watalii walikuwa wananipiga picha, wifi. Nikaona aibu, nikaanza tu. Nimekuja kukumbuka niko juu."

Mama Magoti maneno alikuwa nayo, tena ya kuchoma. Akayatazama yale magoti, mekundu kama nyama ya buchani. Ya kwake yalikuwa hivyo siku ya kwanza.

"Kesho nitarudia," wifi alisema.

"Kesho hata msalani utabebwa." Akavuta beseni, akalowesha kitambaa, akaanza kumwosha. "Basi. Tumemalizana, sikudai."

Sauti ikatoka chumba cha nyuma.

"Mama, shangazi kafika juu?"

"Kafika."

"Kanitaja?"

Mama Magoti akakamua kitambaa, maji yakaingia beseni yakiwa mekundu.

"Kakutaja," alisema. "Wa kwanza kabisa."