Mukwe wangu alipokuja kushika nafasi ya kiné

Wakuu, jambo yenu wote. Miye ni mama muzee wa Bunia, masomo nilifikia troisième primaire, darasa ya tatu tu, basi makosa ya kuandika muniachie. Lakini uongo sitatia humu.

Nilianguka na pikipiki njia ya Komanda, muguu ikavunjika. Walipotoa plâtre, ile chokaa ngumu ya kufunga mufupa, goti ikakataa kukunja. Ilikauka sawa ukuni.

Pale centre de santé, hospitali yetu ndogo, iko madame mumoja kiné, kazi yake ni kukunja watu viungo mpaka vitumike tena. Alianza na miye muzuri. Kisha akaenda kuzaa, wakaleta mwanaume wa kushika nafasi yake.

Mulango ikafunguka. Mukwe wangu.

Bwana ya Dorika, binti yangu wa mwisho. Nilijua anafanya kazi hiyo, lakini kule Nizi, si hapa.

Kwa wasiojua: kwetu mama mukwe na mukwe hawapeane hata mukono. Akiingia kwangu kwa mulango ya mbele, miye natokea ya jikoni. Hajaniona nikikula hata siku moja. Sasa ndiye ashike paja yangu?

Yeye naye aliangalia ukuta. Akasema, "Mama, mwengine hakuna. Tukingoja madame arudi, goti itabaki vile."

Nikafunga kikwembe yangu kiunoni, nikarudi nyumbani.

Wakuu, choo yetu ni ya kuchutama. Na muguu isiyokunja, Dorika, aliyekuja kukaa na miye toka nilipoanguka, alikuwa ananishikilia mule ndani kama mutoto. Miye niliyemuzaa. Siku moja nikateleza, nikamuchafulia nguo.

Aliosha nguo. Kisha akaniuliza, "Mama, utachagua haya gani?"

Kesho yake nikarudi centre.

Mukwe alifunga kamba, akatundika kikwembe katikati. Uso yangu huku, muguu kule. Hakusema na miye. Alisema na muguu: "Weye muguu, kunja kidogo. Usinidanganye, nguvu iko."

Wamama waliongojea zamu wakacheka. Mumoja akauliza kama ni muguu hiyo ndiyo alitolea mahari.

Nilijifunika kichwa. Lakini alipokunja ya kweli, maumivu ikanipanda, nikashika shati yake bila kujua. Kikwembe ikaanguka.

Tukaangaliana macho kwa macho. Miye na machozi na makamasi, paja wazi.

Hakuachilia muguu. "Tumalize, Mama."

Tukamaliza.

Haya hiyo iko ndani yangu mpaka sasa naandika. Ikinirudilia nikiwa napika, naacha mwiko. Dada yangu alisema heri ningebaki kiwete na heshima yangu. Yeye haoni choo yetu.

Kitu nilichojifunza: nilifikiri haya itaniua. Haikuniua. Ilikaa tu, na miye natembea nayo.

Dimanche iliyopita, kisha misa, mukwe akaja kutusalimia. Niliposikia sauti yake mbele, nikatoka mbio kwa mulango ya jikoni kama zamani. Mbio kabisa, bila fimbo.

Dorika ananiambia bwana yake alisikiliza hatua zangu nyuma ya nyumba. Kisha akasema, "Inakunja muzuri."

Ninyi mungefanya namna gani? Mama wakwe wajibu kwanza. Wakwe mungoje nje.