Mguu Uliopiga Teke

Baba mdogo alikufa akiniita mwanangu, nami nilimzika kwa adabu zote, lakini sijamsamehe. Ninaandika haya nikiwa bibi wa wajukuu, na hasira ni ileile ya miaka ya sabini, tulipokuwa tukilima mpunga katika kijiji kimoja upande wa Kasansa.

Yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kijiji. Baba alikuwa ameshafariki, kwa hiyo mimi na mama tulikuwa mikononi mwake. Mama hakuwa mvivu hata kidogo. Kwenye shamba la kijiji alikuwa akimaliza ngwe yake kabla ya wanaume. Kisha mgongo ukaanza kumuuma, katikati ya mabega, na ajabu ni kwamba ulimuuma zaidi akilala, hata akawa anasinzia ameketi, ameegemea ukuta. Alisema anahisi kama amefungwa kamba kifuani. Zahanati wakampa aspirini. Jirani akamchanja chale akampaka dawa.

Baadaye ndala zikaanza kumchomoka njiani bila yeye kujua. Siku moja alifika nyumbani mguu mmoja peku. Nikacheka, nikawaita na majirani waje wacheke. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na saba, na sikujiuliza mtu anatembeaje juu ya mawe asiyahisi.

Miguu ikakakamaa. Mama akawa anaanguka shambani, na baba mdogo akasoma jina lake mkutanoni katika orodha ya wavivu, mama mwenyewe yuko pale ameketi juu ya kinu.

Siku hizo huwezi kusafiri bila barua ya mwenyekiti. Nilipokwenda kuomba barua ya kumpeleka mama hospitali Mpanda, baba mdogo alikuja nyumbani kuhakikisha. Nilimkaribisha chai. Alipomfunua mama blanketi, mguu wa kulia ukaruka, ukapiga kikombe, chai ikamwagikia suruali yake.

"Mmeona nyie?" akasema. "Mguu wenye nguvu namna hii ndio wa mgonjwa? Kesho nikuone shambani, shemeji."

"Sikuurusha mimi, shemeji," mama akasema. "Umeruka wenyewe."

Alicheka huyo! Akaondoka bila kuandika chochote. Barua tuliipata mpunga ulipokwisha kuvunwa, wakati mama hawezi tena kusimama, wala hajui mkojo unapotoka. Aliiandika kwa mwandiko mzuri sana.

Mpanda, daktari aligonga goti la mama kwa kinyundo. Mguu ukaruka vilevile. Yeye hakucheka. Akaukwangua unyayo, kidole gumba kikainuka, akauliza hali hiyo imeanza lini. Nikamweleza. Kisha akasema mguu unaoruka hivyo haupati tena amri ya kichwa, kuna kitu kinabana uti wa mgongo. Akaandika rufaa ya Dar es Salaam, tuondoke na treni ya kwanza.

Huko walimchoma mama sindano ya dawa mgongoni wakampiga picha, na dawa ikakwama palepale penye kizuizi. Wakampasua, wakaondoa kipande cha mfupa nyuma ya pingili, wakatoa uvimbe. Daktari alinionyesha kwenye kichupa. Ulikuwa na ukubwa wa karanga. Akasema si saratani, na umetoka wote. Nikapiga vigelegele.

"Subiri, binti," akasema. "Mngemleta akiwa bado anatembea, angetoka hapa anatembea. Sasa uti umebanwa muda mrefu. Tutaona kitakachorudi."

Karanga moja! Mama yangu alitangazwa mvivu mbele ya kijiji kizima kwa sababu ya karanga moja.

Mkojo aliweza kuuzuia tena, na baada ya miezi kadhaa akasimama kwa magongo mawili. Shambani hakurudi. Baba mdogo alikuja na jogoo, akasema hakujua. Ni kweli, hakujua. Lakini mimi nilimwomba barua, sikumwomba atambue ugonjwa. Mama alimpokea, akaniagiza nipike. Nilipika, sikula.

Kitu ambacho hakikurudi ni hisia za nyayoni. Mpaka anafariki, mama hakutoka nje kabla hajaniita nimtazame miguuni.

"Mwanangu, ndala ninazo?"

Ninainama, mimi niliyewaita majirani, ninatazama.

"Unazo, mama."